Jina Alilotoa Bibi

Saa nne asubuhi gari lenye jeneza la baba yangu, Wilson, lilikuwa limesimama mpakani Kasumulu, na hapa Ngana kaburi lilikuwa halijaguswa. Baba alifia Karonga, ng'ambo ya mpaka, alikokulia, na ombi lake la mwisho lilikuwa azikwe kwao, migombani, jirani na babu zake. Wa kusema ndiyo au hapana alikuwa mkuu wa ukoo, baba mkubwa Anyelwisye, na hakuwa na haraka. Mimi nilikuwa nayo.

Nilimpa faili la vyeti vya baba nililolikusanya kwa miaka mitatu. Cheti cha shule kiliandikwa Mwashoge. Kadi ya hospitali, Mwasoge. Pasi ya kusafiria, Mwasyoge, kama ukoo wenyewe unavyojiita.

"Hizi kalamu za makarani nazisamehe, Tukuswiga," alisema. Akainua cheti cha ubatizo. "Na hiki je? Wilson Mwalupindi. Napo karani alikosea?"

"Alikosea, baba. Au alichanganya watoto."

Nilijisikia mwongo. Cheti hicho kilikuwa kimeninyima usingizi. Mara mbili nilitaka kukiacha nyumbani.

"Anayezikwa hapa, wanawe wana haki na kakao ya hapa. Simlazi Mwalupindi pembeni ya babu yangu. Mrudisheni Karonga."

Wachimbaji waliokuwa wameegemea majembe wakaanza kuondoka. Hasira ilinipanda hadi nikasahau adabu. Nikasimama njiani nikawaambia hatoki mtu.

Ndipo Bibi Angetile, mama yake Anyelwisye, aliyekuwa mlangoni mwa jiko akipeta mchele, akauliza, "Nani alimpeleka huyo mtoto kubatizwa?"

"Bibi yangu, peke yake. Babu alikuwa machimboni Afrika Kusini."

Ungo ukatulia. "Akaulizwa mtoto ni wa ukoo wa nani, mbele ya wanaume. Mlitaka amtaje baba mkwe wake?"

Huku kwetu mke hamtaji baba mkwe, awe hai awe kaburini, na jina la ukoo ndilo jina lake. Mwaka wa kujiandikisha kupiga kura, Bibi Angetile alimsukuma mwanawe mbele ya karani amtajie ukoo wake mwenyewe. Watu walicheka sana, Anyelwisye akiwamo.

"Sasa ninyi, mama, mlikuwa mnamwitaje?" Anyelwisye aliuliza, sauti imeshuka.

"Mimi na bibi yake huyu tuliolewa na ndugu wawili. Tulimpa mkwe wetu jina letu wawili, la kisimani na jikoni. Mwalupindi. Hata baba yako alikufa hajalisikia."

Miaka mitatu nilikuwa nikimtukana karani wa watu, kumbe bibi yangu alikuwa akilinda heshima ya nyumba hii hii iliyotaka kumkataa mwanawe. Nililia hapo hapo, bila kujificha.

Anyelwisye alikirudisha kile cheti kwenye faili. Akavua koti, akachukua jembe la aliyekuwa karibu, akaelekea migombani.

"Mpigie dereva avuke," aliniambia akiwa amenipa mgongo.

"Ndaga, bibi," nilimshukuru Bibi Angetile. "Na msalabani tuandike jina gani?"

Akaurudia mchele wake. "Muulize Anyelwisye. Mimi silitaji."