Mikono ya Koti la Mwalimu

Kidoti alijua hali ya nyumba kwa neno moja tu. Mama akisema "Baba Kidoti," kulikuwa na amani. Akisema "baba yako," mtoto alishindwa hata kumaliza chai.

Leo ilikuwa siku ya nne ya "baba yako." Wazazi wake walikuwa mafundi wa nguo, chumba kimoja, baba mezani na mkasi wake, mama kwenye cherehani, hatua tatu kati yao. Walikosana juu ya kitambaa kilichokatwa vibaya, na tangu hapo hawakusemeshana. Maneno yote yalipita kwa Kidoti, mtoto wa miaka saba. Lakini kila asubuhi, kabla mama hajaingia kazini, baba aliendelea kuitia mafuta cherehani yake. Kidoti peke yake ndiye aliyemwona.

"Mwambie baba yako mkasi wake umenizibia njia."

Kidoti alivuka zile hatua tatu. "Baba, mama anaomba usogeze mkasi, tafadhali."

"Mwambie mama yako ana mikono, asogeze mwenyewe."

"Mama, baba anasema pole, anakuja."

Kazi haikuwa nyepesi. Alihofia kwamba neno moja chungu likifika kama lilivyo, mmoja wao angefunga virago. Kwa hiyo hakutoka kucheza. Wenzake walimwita dirishani, "Kidoti, njoo, kamba haina mshikaji!" Naye akajibu, "Niko kazini."

Mchana walikuwa wakishona koti la mwalimu. "Mwambie baba yako," mama alisema bila kuinua kichwa, "mikono ni inchi ishirini na nne, na safari hii afungue masikio."

Kidoti alianza kuyaosha maneno njiani. Hayo masikio ayapeleke wapi? "Baba, mama anasema, tafadhali Baba Kidoti, mikono ni inchi... thelathini na nne. Na ahsante kwa mafuta."

Baba alitabasamu peke yake, akakata.

Mama alipouinua mkono wa koti, ulining'inia karibu na sakafu. "Makubwa haya! Huyu mwalimu atafuta ubao akiwa amekaa kitini?"

"Thelathini na nne, ndivyo ulivyosema," baba alijibu, akasahau kwamba hawasemeshani. "Tena kwa upole. Ukaniita Baba Kidoti, ukashukuru kwa mafuta."

"Mafuta gani?"

Wote wawili wakamgeukia mtoto. "Nilikuwa nayatengeneza maneno," alisema, "namba ikaniponyoka. Msiondoke."

Hakuna aliyecheka. Mama aligusa tundu la mafuta la cherehani, akakitazama kidole chake kinavyong'aa. Baba alipiga magoti, akamkumbatia Kidoti.

"Hakuna anayeondoka, mwanangu. Tumegombana, na bado hatujamaliza. Lakini huo ugomvi ni wetu. Tutaambiana wenyewe."

"Afadhali mrefu, unapunguzika," mama alisema. Akaunyoosha mkono wa koti mezani. "Baba Kidoti, shika huku. Na bado nimekukasirikia."

"Najua. Mkasi uko njiani?"

"Uko njiani."

Baba akausogeza.

Kidoti alisimama mlangoni, akasikiliza kama kuna ujumbe. Haukuwapo. Akavaa ndala zake, akatoka mbio kwenda kushika kamba.