Kizibo cha Bujiku

Siku ile mjinga alikuwa Mihayo. Leo anakiri mwenyewe, bila kubanwa na mtu. Lakini siku ya tatu ya msiba alikuwa bado anatafuta wa kumtwisha lawama.

Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye duara moja la dhahabu, porini ng'ambo ya Ushirombo, shimo la meta arobaini lililoshikiliwa na matimba ya mti wowote uliopatikana. Mdomo wa Mihayo haukuwa na likizo. Kilichomchekesha kuliko vyote pale mgodini ni ubao alioagiza mkaguzi, Mama Anisia: safu mbili za misumari, JUU na CHINI. Kila mchimbaji ana kizibo chake cha soda chenye jina. Akishuka anakitundika CHINI, akipanda anakirudisha JUU, na kizibo cha mtu hakiguswi na mwingine.

"Chekechea hii," Mihayo alikuwa akisema. "Bado kugawiwa uji tu."

Aliyeuheshimu ubao ule ni mmoja, Bujiku, mchunga ng'ombe wa zamani kutoka Kishapu. Hakujua kusoma, kwa hiyo alikitoboa kizibo chake akakitia uzi wa bluu uliofumuka kwenye sweta la binti yake Limi. Kila alipokihamisha, alikifunga msumarini kwa fundo la kufungia ndama.

"Nkoi, rafiki yangu, ndama wako hajambo?" Mihayo humtania.

"Hajambo. Wako je, bado anazurura?"

Asubuhi ya ukaguzi ikapigwa simu kutoka barabarani: gari la mkaguzi limeshakata kona. Duara lilikuwa na wachimbaji kumi na wanne na kofia ngumu sita. Dawa yake Mihayo aliijua, ndiyo waliyotumia kila mwaka. Wote wapande, sita wavae kofia wasimame mbele, waliobaki wakajifiche nyuma ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe. Akapiga kelele shimoni, watu wakapanda mbiombio. Ili ubao upendeze, akavihamishia vizibo vyote JUU kwa mkono wake mwenyewe. Kimoja kikagoma, fundo halifunguki. Akacheka: leo Bujiku, mwalimu wa ubao, kapanda akasahau kukihamisha! Akachomoa kisu mfukoni, akakata uzi, akakipachika JUU. Kisha akazima mashine ya kupeleka hewa chini, mgeni asipigiwe kelele.

Bujiku alikuwa kwenye tawi la pembeni huko chini, anagonga mwamba. Hakusikia wito. Waliovaa kofia walidhani yuko nyuma ya karasha. Walio nyuma ya karasha walidhani kapata kofia.

Mama Anisia akautazama ubao, akaandika, akahutubia saa nzima na ushee juu ya hewa chafu na matimba yaliyooza. Mwisho akageuka.

"Vizibo kumi na vinne. Mimi naona watu sita. Wengine?"

"Wamepumzika, mama."

"Waite."

Wakajitokeza mmoja mmoja, vumbi mpaka kwenye kope. Saba. Mkaguzi akahesabu tena. "Huyu mwenye uzi ni nani?"

"Huyo Bujiku," Mihayo akadakia. "Yuko porini, ndama wake kakata kamba!"

Wakaangua kicheko wote. Hata Vumilia, mke wa Bujiku, aliyekuwa akisonga ugali wa wachimbaji chini ya turubai, alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Mkaguzi peke yake hakucheka.

"Washeni hewa," alisema.

Walimkuta chini ya ngazi, vidole vimekaza kwenye kipago cha kwanza. Walimpandisha kwa kamba ya kuvutia mawe, na ugali ukaungua.

Siku ya tatu Mihayo alikwenda msibani pamoja na Agapiti, mwenye leseni ya mgodi. Agapiti alishika karatasi na kidau cha wino.

"Mama Limi, pole," Agapiti alisema. "Hapa tumeandika ilivyokuwa. Marehemu alipanda, akakirudisha kizibo chake JUU, kisha akashuka tena kwa siri bila ruhusa. Ni kidole gumba tu, hapa."

"Nani alimwona akishuka?"

Agapiti akamtazama Mihayo. Mihayo akaingiza mkono mfukoni.

"Shahidi ni kizibo chenyewe, shemeji," alisema. "Kilikuwa JUU, hata mkaguzi kakiona. Na mumeo unamjua alivyokuwa mbishi. Sasa mgodi ukifungwa kwa ubishi wa mtu mmoja, hawa kumi na watatu watakula wapi?"

Vumilia akafungua pindo la kanga. Akakiweka kizibo cha mumewe, alichokitoa ubaoni, juu ya ile karatasi, na kipande chake cha uzi wa bluu, ncha imenyooka kama iliyopitiwa na wembe.

"Bujiku kafungua ndama tangu hajaota meno ya pili," alisema, "na hakumfungua hata mmoja kwa kisu. Kisu unacho wewe, Mihayo, mfukoni hapo ulipoweka mkono."