Matairi ya Kwenda Shenyang

Jovitus alikuwa akinunua viatu vya jumla katika masoko ya Zhanxi, Guangzhou, kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumfundisha kununua kitu. Kwa hiyo binti yake alipompigia simu kumweleza jinsi ya kuchagua matairi, alisikiliza kwa sikio moja.

Flavia alikuwa Shenyang, kaskazini kabisa, akisomea udaktari wa watoto. Hospitali mbili alizozizungukia zilikuwa mbalimbali, mabasi ya alfajiri hayakueleweka, na baridi ya huko ilikuwa ya kugandisha nguo kwenye kamba zikasimama zenyewe. Baba yake akamnunulia kigari chekundu, kidogo kiasi kwamba Jovitus mwenyewe akikaa kwenye usukani magoti yaligusa dashibodi. Lori la kubeba magari lingekipakia Alhamisi saa sita mchana.

"Baba, kilete tu hivyo hivyo," Flavia alisema. "Matairi ya theluji nitanunua huku. Kila fundi anayo."

"Gari langu haliendi kwa watu peku."

"Haya. Basi angalia ubavuni mwa tairi. Pawe na alama ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Alama hiyo ikikosekana, achana nalo. Na yawe manne, Baba. Siyo mawili ya mbele tu."

"Wewe hujaota meno, mimi nanunua mpira."

"Ule ni mpira wa kandambili."

"Mpira ni mpira," alisema Jovitus, akakata simu.

Jumatano asubuhi akaenda mtaa wa vipuri. Ulikuwa mwisho wa Oktoba na Guangzhou nzima ilikuwa bado imevaa mikono mifupi. Kuulizia matairi ya theluji huko ni kama kuulizia makoti ya manyoya Bukoba. Maduka matatu yalimcheka. La nne lilikuwa la Bi Liang, mwanamke mfupi mwenye glavu nyeusi za kazi, ambaye huwawekea machache watu wa kaskazini wanaoendesha kurudi kwao sikukuu ya mwaka mpya.

Bi Liang akaviringisha tairi moja hadi miguuni pa mteja wake. Jovitus alilipokea kama anavyopokea kiatu. Alilipapasa, akalinusa, akabonyeza kwa gumba kashata, yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara. Gumba likazama. Tena kashata zenyewe zilikuwa zimechanjwa vimistari vyembamba, kana kwamba mtu amezipitia na wembe.

"Laini mno," alisema kwa Kichina chake cha sokoni. "Hili litaisha mara moja. Na limeshakatikakatika."

"Kwenye baridi ulaini ndio unaotakiwa," alisema Bi Liang. "Mpira mgumu ukikutana na barafu unakuwa jiwe. Na hivyo vimistari ndivyo vinavyong'ata."

Miaka kumi na tisa Jovitus amekuwa akiambiwa na wauzaji kwamba soli iliyobanduka ndiyo mtindo wa mwaka huu. Alitabasamu tu. Bi Liang akaandika bei kwenye kikokotoo. Jovitus akaifuta, akaandika nusu yake. Bi Liang akacheka. Jovitus akageuka akaondoka taratibu, kwa ule mwendo wa mteja anayetaka kuitwa.

"Pengyou," Bi Liang aliita. "Rafiki, rudi. Sawa, bei yako."

Hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Kila mgeni anayefika kutoka nyumbani, Jovitus humkalisha kwenye mgahawa wa barabara ya Huanshi Zhonglu na kumpa somo moja kabla hajameza tonge: hapa mwenye duka hakatai bei. Ukishusha bei, naye anashusha mzigo. Ukitaka buti kwa bei ya ndala, atakupa ndala yenye sura ya buti, na wala hatakuwa amekudanganya, ni wewe uliyeagiza. Alikuwa amelisema somo hilo mara nyingi hata mwenyewe akawa halisikii tena.

Bi Liang alisema neno kuelekea nyuma ya duka, na fundi akaja na matairi manne mengine. Haya yalikuwa magumu, yenye kashata nene. Gumba halikuzama hata kidogo. Ubavuni palikuwa na herufi M na herufi S, katikati yake alama ya kujumlisha. Jovitus akakumbuka kwamba kulikuwa na alama inayotakiwa, na hii hapa ilikuwa alama. Yakafungwa. Akaondoka akipiga mluzi.

Saa kumi jioni akamwonyesha Ilunga. Huyu alikuwa wakala wa mizigo kutoka Lubumbashi, mtu wa makontena ya bandari ya Nansha, na ndiye aliyemtafutia lori. Kabla ya Guangzhou alikuwa amekaa miaka miwili Ubelgiji. Alikizunguka kigari, mikono nyuma, akachuchumaa kwa shida kwa sababu ya tumbo.

"Ni ya kwenda wapi haya matairi, vieux, mzee wangu? Kwenye migodi ya Kolwezi?"

"Shenyang. Ni ya theluji."

"Nani alikudanganya?"

"Nimechagua mwenyewe."

"Ndiyo nauliza. Nani alikudanganya?"

Jovitus akamwonyesha zile herufi. Ilunga akatikisa kichwa.

"Hiyo ni tope na theluji. Theluji ya kupita, mvua ya kupita. Kiwanda kinajiandikia chenyewe. Ule mlima ndio mtihani, tairi linapelekwa kwenye theluji kwanza, linapimwa. Mimi Liège nilikuwa na haya haya. Nikafunga breki mbele ya boulangerie, pale wanauzia mikate. Nikaingia."

"Kununua?"

"Na gari."

"Uliumia?"

"Mimi hapana. Iliumia mikate."

Jovitus alicheka mpaka akashika paa la kigari. Kisha akayatazama tena matairi.

"Ulikuwa mwendo gani?"

"Polepole, vieux. Kama maandamano ya Jumapili ya Matawi."

Ilunga akasema jambo lenyewe halikuwa kubwa, Flavia si yuko huko huko kwenye matairi, amwambie tu anunue mengine.

"Hatanunua," Jovitus alisema. "Humjui yule. Akishaona nimeyavalisha mwenyewe, hatayatoa. Atayaendesha hivyo hivyo kipupwe kizima ili nisione aibu. Atakuwa kwenye barafu saa kumi na moja alfajiri, na mimi atanitumia ujumbe kwamba matairi ni mazuri sana, asante Baba."

Ilunga akasema waende wote kesho asubuhi, kabla duka halijafunguliwa.

Alhamisi Bi Liang alipofika kufungua duka, aliwakuta wawili hao mlangoni, na kigari chekundu kando yao. Akawahi kusema kabla hajasalimiwa.

"Yameshafungwa. Hayarudi."

"Sirudishi. Nataka yale ya kwanza. Laini."

"Meiyou. Hakuna."

"Yako pale. Nayaona."

"Meiyou," alirudia Bi Liang, akasimama mbele ya matairi kuyaziba. Alijua hesabu ya watu hawa: huyu amekuja kuchukua mazuri kwa bei ya mabaya.

Jovitus akachukua kikokotoo mezani. Akaandika bei ya jana, ile ya Bi Liang mwenyewe, nzima, halafu akajumlisha juu yake ujira wa fundi wa kufungua na kufunga upya. Akamgeuzia.

Bi Liang akatazama kikokotoo. Akamtazama Jovitus. Akaenda hadi mlangoni akachungulia barabara, kushoto na kulia, kuona kama kuna mwenzao wa tatu.

"Una matatizo gani?" aliuliza.

"Msamehe, laoban, mama mwenye duka," Ilunga alisema kwa Kichina, akiwa amejikalia juu ya rundo la matairi. "Ni mgonjwa tangu jana jioni."

Jovitus akatoa simu, akamwonyesha picha ya Flavia akiwa na koti jeupe mbele ya hospitali, theluji ikimfika juu ya viatu. "Binti yangu. Shenyang."

Bi Liang alivua glavu moja, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama theluji kuliko alivyomtazama binti.

"Kwa nini jana hukusema ni Shenyang?"

"Ningesema, ungepandisha bei."

"Ningepandisha," alikubali. Akavaa glavu yake. "Hapa yapo mawili. Mengine mawili yako ghalani."

Ilikuwa saa tatu kasoro. Jovitus alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye jeki na kutoka kwenye jeki hadi mlangoni, mara zisizo na idadi. Saa nne na nusu guta la umeme la magurudumu matatu likafika na matairi mawili yamefungwa kamba. Alipiga magoti sakafuni akapitisha kidole kwenye ubavu wa kila moja, mpaka kikapita juu ya vilele vitatu. Akasoma na mwaka wa kutengenezwa. Halafu akarudia lile la kwanza.

Wakati wa kulipa, Bi Liang alifanya jambo ambalo Jovitus hakuwa ameliona tangu afike China. Alibonyeza kikokotoo na kupunguza bei mwenyewe, bila kuombwa.

"Hapana," Jovitus alisema haraka. "Usipunguze. Hata kidogo."

"Ni zawadi ya mtoto."

"Mpe nyingine. Bei iache ilivyo."

Kigari kilipanda kwenye lori saa sita kasoro dakika tano. Jovitus akarekodi ujumbe wa sauti, akaufuta, akarekodi tena. Alichotuma kilikuwa hiki: "Flavia, mwanangu, mara ya kwanza nilikosea matairi. Ilunga ndiye aliyeona. Haya ya sasa nadhani ni sawa, lakini yakague mwenyewe kama nilivyopaswa kukusikiliza. Ukiona hayafai, yatoe siku hiyo hiyo. Sitajisikia vibaya."

Jibu lilichelewa, kisha likaja kwa maandishi. "Asante, Baba. Kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kusali rozari."

Theluji ya kwanza ilianguka Shenyang katikati ya Novemba. Flavia alipiga simu ya video kutoka kwenye maegesho matupu ya hospitali, simu imesimamishwa kwenye dashibodi. Jovitus alikuwa katikati ya njia Zhanxi, mikokoteni ikimpigia kelele kulia na kushoto.

"Endesha," alisema. "Halafu funga breki ghafla."

"Mbele ya watu?"

"Funga breki nikwambie."

Dirisha lilionyesha weupe mtupu ukisogea. Flavia akakanyaga. Simu ikainama mbele kidogo, weupe ukasimama pale pale.

"Umeteleza?"

"Sijateleza."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Baba. Mlinzi ananiangalia."

"Mwache aangalie," Jovitus alisema, akijibanza ukutani mkokoteni upite. "Rudia."