Shahidi wa Masikio

Kwa miaka kumi na tisa Donatien alifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari huko Kadutu, na wanafunzi walimwita Kamusi. Jina hilo hakulichukia. Kusema kweli, alilipenda kupita kiasi. Kwa hiyo asubuhi ile alipoitwa ofisini kuwa mkalimani, akapewa fomu aitafsiri, akakuta ndani yake neno asilolijua, kwanza aliona haya. Hofu ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikuja kwa kishindo.

Neno lenyewe lilikuwa earwitness. Fomu ilikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kilikuwa cha shahidi aliyeona kwa macho, na hicho hata mwanafunzi mvivu angekitambua. Neno la cha pili halikuwamo katika kamusi yake nene.

"Si neno la kila siku," mwanasheria mgeni alimweleza Donatien. Alikuwa mama wa makamo, ametumwa na shirika la haki za watu, na Kiswahili hakujua hata cha salamu. "Ni mtu ambaye hakuona kitu, ila alisikia. Akiweza kusema alisikia maneno gani, yalitoka wapi, na kwa sauti ya nani, basi tunamwandika kama tunavyomwandika aliyeona."

Hapo ndipo hofu ilipokuja.

Hugues, fundi seremala, alichukuliwa nyumbani kwake Cimpunda mchana kweupe. Kesho yake mwili wake uliokotwa kando ya mto Ruzizi. Avenue nzima, mtaa wote, iliulizwa, na avenue nzima ikajibu jibu moja: sikuona. Wala hawakudanganya, maana kila mtu alikuwa amejifungia ndani. Lakini nyumba za Cimpunda ni za mbao na zimebanana; mtoto akilia huku, kule wanajua kama ni njaa au ni kiboko. "Sikuona" ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyowaweka hai. Sasa mgeni huyu amekuja na kijineno chake kuwavua hiyo ngao.

Donatien naye, jirani wa Hugues ukuta kwa ukuta, siku ile alikuwa nyuma ya ubao, kitandani, na malaria yake. Alisikia yote. Alipoulizwa alisema alikuwa Kavumu, mbali na mji. Ulikuwa uongo, na alikuwa ameurudia mara nyingi mpaka karibu ausadiki.

Saa nne aliingia maman Christine, mjane aliyepakana na Hugues kwa upande wa pili. Nyuma yake aliingia Mardochée, shefu wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, aliyesema amejitolea kumsindikiza. Alivuta kiti akaketi mlangoni. Mwanasheria alidhani ni ndugu wa mama, akamwacha.

Donatien hakuthubutu kuinua uso. Sauti ya mtu huyo ndiyo aliyoisikia siku ile ikimwambia Hugues atoke nje, kwa upole, kama mtu anayekaribisha wageni mezani. Tangu mwaka jana shefu alikuwa akiitaka parcelle ya Hugues, kiwanja chake cha nyumba, na Hugues alikuwa amekataa katakata.

"Muulize alisikia nini," mwanasheria alisema.

Mama akijibu swali hilo mbele ya mtu huyu, jioni haitamkuta hai. Donatien akageuka na kuuliza swali jingine kabisa.

"Maman, uliona kitu?"

Hakuwahi kutafsiri vibaya kwa kusudi. Masikio yalimwaka moto.

"Hapana, sikuonaka kitu," alisema Christine. Akakaza kitenge chake kiunoni. "Lakini nilisikiaka, mwalimu. Njo maana nilikuja."

Kiti cha mlangoni kikalia. "Mwambie hakuona," alisema Mardochée. "Iko ile tu. Maman iko mugonjwa, anachanganya mambo."

Wote walimngoja mkalimani. "Hakuona" ni neno fupi kwa lugha yoyote; akizungumza kwa kirefu, shefu atashtuka. Donatien alimtazama mwanasheria, na kwa sauti ya darasani, asiipandishe wala kuishusha, akasema kwa Kiingereza kwamba mama ni shahidi wa masikio, na yeye mkalimani pia, na mwenye sauti ile yuko mlangoni, asimtazame.

Mwanasheria hakumtazama. Kalamu yake ilisita, kisha ikaendelea.

"Hii kingereza mbona iko murefu?" aliuliza Mardochée.

"Njo vile iko, shefu. Inazungukaka sana."

Mwanasheria akaomba, akitabasamu, bwana yule atoke kidogo. Mama anatia saini, na sheria haitaki mtu wa nje. Donatien alitafsiri hilo lilivyo. Mardochée alisimama polepole, akamkazia macho kwa muda mrefu.

"Basi nitabangoja kwa bariere, pale kwa geti, mwalimu. Tuko bajirani. Tutarudia kwa nyumba pamoja."

Alipotoka, mwanasheria alizungusha ufunguo mlangoni. Gari, alisema, lingekuja nyuma ya ua. Leo hakuna wa kurudi Cimpunda, wala kesho. Donatien aliwaza vitabu vyake na godoro lake, akaogopa hata kuuliza ni mpaka lini.

"Sasa muulize sawasawa."

Akamuuliza. Christine alieleza bila kulia, kwa mpangilio, kama mtu aliyekariri kwa wiki nyingi. Alisikia sauti ya shefu. Alisikia ubao ukivunjika. Kisha Hugues alikimbilia ukuta ule mwingine, usiopakana na kwake Christine, akaupiga kwa viganja.

"Alikuwa anakuita wewe, mwalimu. Mara tatu." Alimtazama usoni, na macho yake hayakuwa na hasira, jambo lililomuumiza Donatien zaidi. "'Mwalimu, fungula.' Nilijua uko mule. Nilisikiaka unakohoa."

"Anasema nini?" aliuliza mwanasheria.

Mara hii Donatien alitamani asingejua Kiingereza hata kidogo. Kisha akatafsiri yote, bila kuruka neno, pamoja na kile kikohozi. Mwanasheria aliandika, halafu akauliza huyo mwalimu aliyeitwa ni nani.

"Ni mimi," alisema.