Mashallah Kabla ya Kusoma

Vipande sabini na tatu vilikuwa vikinisubiri, na msomaji nilikuwa peke yangu. Programu yetu ni huria: yeyote anaweza kuandika kipande cha kuiboresha akakileta, ila hakiingii mpaka mwingine akikague. Mwingine huyo siku zote alikuwa mimi, Samiha wa Makorora. Programu yenyewe inawaambia wakulima wa mwani saa ya maji kupwa. Mama yangu, Bi Tausi, analima mwani Tongoni, na ndiye aliyewashawishi wenzake kumi na mmoja waiweke kwenye simu.

Nilipomlalamikia, akashangaa. "Jirani akikuletea futari, sahani yake unamrudishia tupu?"

Basi nikatangaza sheria: anayeleta kipande chake, kwanza akague cha mwenzake. Ndani ya wiki foleni ikabaki tisa. Kichwa kikanivimba.

Ijumaa ya bamvua, maji yanapokupwa na kujaa kuliko kawaida, nikatoa toleo jipya. Jioni Mama akapiga simu.

"Samiha, programu yako inasema maji yanakupwa saa kumi."

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Mimi nimo humo, yamenifika kifuani."

Programu huchukua saa za Kizungu, ikapunguza sita, zikawa saa zetu. Luqmani wa Muheza, kijana hodari mwenye haraka, hakujua kazi hiyo imeshafanyika, akapunguza sita nyingine katika kipande chake. Maji ya kupwa saa nne asubuhi yakaandikwa saa kumi, wakati bahari imejaa pomoni.

"Lakini Mama, wewe si unayajua maji?"

"Nayajua tangu sijakuzaa. Ila miezi sita nawasifia wenzangu kazi ya mwanangu. Ningeanza vipi kusema imekosea? Mwenzetu Zuwena keshaifuta, na wengine wako njiani kuifuta."

Iliniuma sana. Nikafungua kompyuta nimtafute mchawi. Aliyekikagua kipande cha Luqmani ni Badru, na maoni yake yalikuwa: "Mashallah, kazi nzuri." Nikatazama vingine. Mashallah, hongera, mashallah. Nikampigia.

"Badru, ulikisoma?"

"Dada, mtu kahangaika na kazi yake, nimkosoe mbele za watu? Hata hatujuani!"

Nikamporomoshea maneno mpaka pumzi ikanikatika. Alivumilia, kisha akasema taratibu, "Samahani dada, hebu shuka chini kidogo."

Nikashuka. Chini ya maoni yake palikuwa na jina la aliyekikubali mwisho, nalo lilikuwa langu. "Safi sana," nilikuwa nimeandika. Sikuwa nimesoma hata mstari mmoja.

Nikarekebisha, nikamwambia Mama kosa ni langu. Hakunigombeza. Alisema tu niwahi gari la asubuhi.

Kesho yake, saa tano kasorobo, wanawake kumi na wawili walisimama ufukweni Tongoni na kamba zao. Maji waliyaona yametoka, lakini hakuna aliyetia mguu.

"Programu inasemaje?" Mama akauliza.

"Yamekupwa."

"Umeisoma mwenyewe?"

"Nimeisoma."

"Ingia."

Nikakunja gauni nikaingia. Maji yalinifika vifundoni, kisha magotini. Nikageuka niwaite.

"Bado," akasema Mama. "Shamba la Zuwena liko mbele zaidi. Leo utamfungia mwani wake."

Zuwena alinifuata. Tulipofika akanipa kamba, akainama nyuma yangu, akawa anavuta kila fundo nililofunga kuona kama linashika.