Nukta za Penseli

Saa tatu asubuhi mama yake Tiara alikuwa amezama mpaka viwiko kwenye beseni la shuka za wodi ya wazazi. Mashine ya kufulia ilikufa mwezi uliopita na hospitali ilikuwa bado inaandika barua. Dawa ya madoa ilikuwa imemla kucha mpaka kwenye nyama. Alipoinua kichwa ajifute jasho kwa bega, alimwona binti yake mlangoni na sare ya shule, saa ambayo alipaswa kuwa kwenye kipindi cha hesabu.

Tiara alimpa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama alijifuta mikono kwa aproni, akaisoma, akairudia. Ilisema mwanafunzi huyu hatapewa namba ya mtihani wa kumaliza sekondari, kwa kuwa mwaka huu amekosa masomo siku sitini na tatu na kikomo ni siku arobaini. Mzazi afike shuleni asubuhi hiyohiyo.

"Umekuwa ukienda wapi siku zote hizo?"

"Nacheza, mama. Wananitoa wenyewe."

Mfuaji mwenzake, ambaye masikio yake hayakuwahi kupitwa na jambo, alimsukuma mgongoni na kumwambia aende, shuka hazina miguu, atazikuta palepale. Mama alichukua mfuko wake na kutoka na upindo wa gauni ukimchuruzika maji.

Tiara lilikuwa jina la utani la tangu utotoni, la mtoto ambaye upepo ulionekana kumbeba kama kishada cha karatasi kila alipokimbia. Miaka mitatu nyuma, shule ya serikali ya pale mtaani ilifungua mkondo wa dansi. Asubuhi watoto wangesoma kama wenzao. Mchana, kuanzia saa nane, wangefunzwa na mwalimu aliyewahi kucheza kwenye kumbi kubwa kabla nyonga haijamharibikia. Anayefuzu angeweza kuajiriwa na kundi la taifa la dansi, na huko kuna mshahara, nyumba na matibabu. Sharti lilikuwa moja tu: awe na cheti cha sekondari. Walijaribu watoto mia mbili, wakachukuliwa ishirini. Siku jina la Tiara lilipobandikwa ukutani mama alicheka peke yake katikati ya shuka chafu, hata wenzake wakadhani zile dawa zimempanda kichwani.

Viatu vya kuchezea vilikuwa vya kitambaa, na ncha zake ziliisha kila baada ya wiki tatu. Wazazi wengine walinunua vipya. Mama alijifunza kuzishona upya kwa uzi wa kushonea vidonda, aliokuwa akipenyezewa na nesi mmoja wa chumba cha upasuaji, na mshono wake ulidumu kuliko wa kiwandani. Kila jioni Tiara aliloweka miguu kwenye maji ya chumvi huku akikariri kemia, na daftari lake lilikuwa na mabaka meupe ya chumvi kila ukurasa. Muhula uliopita alikuwa wa tatu darasani. Hakuna aliyeweza kusema dansi imemfanya mjinga.

Mkuu wa shule, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Ratiba, alikuwa na ratiba ya rangi tatu iliyofunika ukuta mzima wa ofisi yake. Aliwaacha wamesimama akimalizia chai. Tiara aliambiwa akakae kwenye benchi la nje. Mwalimu wa darasa, kijana mwembamba, alikuwa amesimama kando ya meza na rejista ya mahudhurio kifuani.

Rejista ilifunguliwa. Shule ile iliita majina saa nne na nusu, baada ya mapumziko, kwa sababu watoto wengi walitoka mbali na kuchelewa. Aliyekuwepo alipigiwa mstari wa wino wa bluu. Aliyekosa alipata msalaba mwekundu. Kwenye safu ya Tiara hakukuwa na msalaba hata mmoja. Palikuwa na mistari ya bluu, na katikati yake nukta ndogo za penseli zilizotapakaa kama pilipili manga.

Mwalimu wa darasa alieleza bila kumtazama. Wageni walipokuja, nao walikuja asubuhi tu, Mkuu alimtoa mtoto anayecheza vizuri kuliko wote akawatumbuize. Alikuja mfadhili wa madawati, akaja mzinduzi wa kisima, wakaja waliotaka kuona vyoo vipya. Maagizo yalikuwa kwamba siku hizo iwekwe nukta ya penseli, na mwisho wa muhula Mkuu mwenyewe angezitia wino. Mihula miwili ilikwisha, nukta zikabaki nukta. Jumatatu wakaguzi wa mitihani wakaingia, na kwao ambacho hakina wino ni utoro.

"Basi zitie wino," mama alisema. "Kalamu hiyo hapo."

"Wino gani, Mama Tiara?" Mkuu aliuliza kwa upole. "Nikiandika alikuwepo darasani, nimeidanganya serikali. Nikiandika alikuwa anacheza, wataniuliza nani alimtoa, maana waraka unasema dansi ni baada ya saa nane."

"Si ni wewe."

"Ndiyo maana nakwambia."

Alilisema bila haya, kama mtu anayemweleza mwenzake kwamba nje kunanyesha. Kisha akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa. Mama aliisoma na masikio yakaanza kumuuma kwa hasira. Ilikuwa barua iliyoandikwa kwa jina lake yeye mwenyewe. Ndani yake alikiri kwamba binti yake alikosa masomo kwa matatizo ya nyumbani, akaomba radhi, na kuusihi uongozi umruhusu arudie mwaka.

Mkuu alimfafanulia taratibu. Akisaini, mtoto anabaki, atafanya mtihani mwakani. Asiposaini, ataandikwa mtoro, na mtoro wa siku sitini na tatu anafukuzwa. Yeye binafsi alikuwa akimwonea mtoto huruma, kipaji kile shule isingependa kukipoteza.

Mama aliuliza kundi la taifa litamchukua nani mwaka huu. Mkuu alirekebisha tai, akajibu kwamba nafasi ni moja, na mwenye mahudhurio kamili ni binti wa mwenyekiti wa bodi.

Mama alimfahamu. Alikuwa mtoto mwenye adabu, asiye na kosa lolote, aliyecheza kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda. Hakuwahi kutolewa darasani hata siku moja, kwa sababu wageni wana macho. Safu yake kwenye rejista ilikuwa ya bluu mwanzo hadi mwisho.

"Kwa hiyo wangu angecheza vibaya, leo angekuwa na namba."

"Usilitazame hivyo, mama."

Alimgeukia mwalimu wa darasa. "Mwalimu, wewe ulimwona akitolewa. Ukawaambia wakaguzi?"

"Mimi huu ni mwaka wa tatu sijathibitishwa kazini, mama," kijana alisema, akiiambia sakafu.

Mama alifikiria kwenda ofisi ya elimu. Halafu akakumbuka wale wageni waliotumbuizwa, nusu yao walikuwa wametoka huko. Alifikiria kuichana karatasi ile vipande vipande, na alitamani sana, lakini ambaye angefukuzwa hakuwa yeye. Akaichukua ile kalamu ya wino wa bluu. Vidole vyake vilikuwa vimelainika kwa maji, kalamu ikateleza mara mbili kabla hajaandika jina lake chini ya maneno matatizo ya nyumbani. Mkuu aliupulizia wino ukauke, akamruhusu mwalimu wa darasa aende na rejista yake.

Hapo akaingia mwalimu wa dansi, akichechemea, na kusema wakaguzi wa mitihani wamemaliza kazi yao na wameketi ukumbini wakisubiri kuagwa.

"Mtoto huyo hapo kwenye benchi," Mkuu alisema.

"Hata leo, Mkuu?"

"Leo hasa."

Mwalimu wa dansi aligeuka taratibu kwa mguu wake mzima. Alitoka, mama akamfuata. Tiara alikuwa amesikia yote, maana mlango ule haukuwahi kufunga vizuri. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Mama, nisiende?"

Mama alijua jibu alilotaka kulitoa. Alijua pia ile barua bado ilikuwa mezani, na kwamba mwenye meza angeweza kuipoteza kwa urahisi kabisa. Aliingiza mkono kwenye mfuko akatoa viatu, alivyovishona ncha alfajiri ile kabla ya kwenda kazini. Akapiga magoti barazani pa ofisi na kumvalisha mmoja mmoja, ingawa Tiara alikuwa na miaka kumi na saba.

"Nenda," alisema. "Usijiumize."

Kengele ya saa nne na nusu ikalia. Mama alipita nyuma ya madarasa kurudi kwenye shuka zake, na kwenye dirisha la mwisho miguu ikagoma. Mwalimu wa darasa alikuwa akiita majina. Watoto waliitika mmoja baada ya mwingine, na binti wa mwenyekiti wa bodi aliitika kwa sauti nzuri ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha. Lilipofika la Tiara vichwa viligeukia dawati lake.

"Yuko ukumbini, mwalimu," mmoja akasema.

Kutoka ng'ambo ya uwanja muziki ulianza, na makofi yakapigwa hata kabla mchezaji hajapiga hatua ya pili. Mwalimu alipeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Vidole vyake viligusa kalamu ya bluu, vikaigusa nyekundu. Akachomoa penseli, akailamba ncha, na kuweka nukta.