Siku ya Kupima Kitanda

Shakila aliamka na hofu, kabla hata hajaona la kuogopa. Siku hii ya majaribio ndiyo ingeamua: familia ikimkubali, ana kazi, ikimkataa, arudi Namasakata kwenye mikorosho ya baba yake, na cheti cha kutunza wazee akawashie moto.

Pale chuoni mwalimu wao, Anjelika, alikuwa ameunda mpango wa kuwakutanisha wanafunzi na familia zinazotafuta mtu wa kumtunza mzee. Aliuhangaikia, tusimnyime haki yake. Alikaa na wanafunzi, akakaa na watoto wa wazee, akachora ukutani kila hatua tangu simu ya kwanza hadi siku ya kazi. Ukifika nyumbani, anza kukagua: pima kitanda, pima mlango, kiti cha magurudumu kipite, mzee asije akaanguka. Mpango mzuri kweli. Ila wazee wenyewe, nani awaulize? Si wapo tu!

Basi Shakila akapiga hodi mtaa wa Lizaboni kwa Bibi Kasiana, mama wa Gaudensi, yule mwajiri mwenyewe anayeishi Dar es Salaam. Bibi alikuwa amejilaza kwenye kitanda kilichowekwa sebuleni, miguu ikimsumbua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Mwanao, Gaudensi."

Kwa kuogopa kukosea hatua, Shakila hakukaa, hakuuliza habari za nyumbani, hakuomba hata maji ya kunywa. Alitoa futi kamba akaivuta toka kichwani hadi miguuni mwa kitanda, bibi akiwa papo hapo juu yake. Kisha akainama kupima na kimo cha kitanda. Akiwa ameinama hivyo, akasikia komeo la mlango likigonga.

Alipoinuka, bibi mwenye miguu mibovu alikuwa amesimama mlangoni, na panga lililokuwa nyuma ya mlango sasa liko mkononi mwake.

"Kamwambie Gaudensi sijafa bado."

Jamani! Shakila alirudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani. Mikono ya bibi ilitetemeka, na panga la mtu anayetetemeka halina simile. Shakila akatia mkono mfukoni, akabonyeza simu kama walivyofundishwa: ukiona hatari, bonyeza, mwalimu atakuja na watu wa mtaa.

Ndipo akamtazama bibi vizuri, akaona machozi yanamchuruzika.

"Mtu hupimwa akishakufa, achongewe jeneza," bibi akasema. "Mmeshindwa hata kusubiri?"

Innalillahi! Kwao Namasakata nako ipo fimbo ya kupimia kaburi, na hakuna mwenye akili zake anayemwelekezea mtu aliye hai. Shakila alilijua hilo tangu utotoni. Michoro ya mwalimu ndiyo ilimsahaulisha. Aibu ikamchoma, na hofu nayo haikumtoka.

"Si hivyo, bibi. Wallahi si hivyo."

Bibi hakusogea. Shakila akajikokota hadi kitandani, akalala chali, shingo wazi, akamnyooshea futi.

"Nipime na mimi. Kama ni uchuro, tuugawane."

Alisoma shahada moyoni. Mara futi ya baridi ikamgusa paji la uso, ikashuka polepole hadi kwenye vidole vya miguu.

"Kumbe kafupi hivi," bibi akasema, sauti ikimkwaruza. "Wewe hata fundi hapati faida."

Wakacheka wote wawili, kicheko kibovu cha watu ambao bado wanatetemeka. Panga lilikuwa limewekwa chini, kando ya kitanda.

Hapo mlango ukapigwa ngumi. "Fungua! La sivyo tunavunja!" Zilikuwa sauti za wanaume, na ni wengi.

Uso wa bibi ukabadilika. Akamvuta Shakila kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi, akamsukumia pembeni, nyuma ya kitanda.

"Usitoe sauti, mjukuu wangu," akamnong'oneza. "Nimeshakupima, sasa wamekufuata na wewe."

Akaliokota panga, akasimama kati ya Shakila na mlango, ameliinua kwa mikono miwili. Komeo lilianza kuachia. Shakila, aliyewaita kwa simu yake, akafungua mdomo aseme, na sauti ikagoma kutoka.